Tabibu wa Fustat na elimu zinazosaidiana

Katika karne ya 11 aliishi nchini Misri tabibu aitwaye Ali bin Ridwan, mzaliwa wa Giza na mtoto wa mwoka mikate. Kwa ufukara wake alijisomea tiba vitabuni, hata akawa mkuu wa matabibu katika dola ya Kifatimi mjini Cairo.

Miongoni mwa maandiko yake ni risala juu ya kuwakinga watu wa Misri na maradhi. Aliiandika kumjibu Ibn al-Jazzar, tabibu wa Qayrawan katika Tunisia ya leo, akimlaumu kwa kueleza maradhi ya nchi asiyoijua kwa macho yake.

Yeye aliieleza Fustat kama alivyoiona: vichochoro vyembamba na majumba marefu yaliyozuia upepo, mizoga ya paka na mbwa ikioza njiani, moshi wa matanuri ya hamamu, na uchafu wa vyoo ukiishia mto Nile, ambao maji yake ndiyo waliyokunywa watu.

Ndugu msomaji, risala hiyo ilichapishwa Marekani mwaka 1984 kwa ushirikiano wa wanazuoni wawili. Michael Dols, mwanahistoria wa tiba, aliifasiri kwa Kiingereza. Adil Gamal akahakiki matini ya Kiarabu. Anayejua lugha peke yake huenda asitambue maradhi yanayotajwa. Na anayejua maradhi peke yake huenda akapotoshwa na kosa moja la mnakili.

Ni kweli kwamba Ibn Ridwan hakuvijua vijidudu; aliamini kuwa hewa iliyoharibika ndiyo huleta maradhi. Hata hivyo, macho yake hayakukosea kuhusu uchafu na maji. Kipindupindu hadi leo huenea kwa maji yaliyoingiwa na kinyesi, na Mtume (S.A.W.) alikwisha kukataza kukojoa katika maji yaliyotuama.

Basi mzazi asimwambie mwanawe anayetamani udaktari kwamba Kiarabu na historia havitamfaa kitu. Dawa humponya mgonjwa mmoja. Lakini kuuponya mtaa kunahitaji tabibu, mwenye kujua mazingira, na mwenye kujua lugha na mila za wakazi wake, wakae jamvi moja. Na sisi wakazi tuanze na mtaro ulio mbele ya mlango wetu.