Anayejua Asiposema

Katika chumba cha upasuaji hakuna mtu mmoja anayejua kila kitu. Daktari mpasuaji anajua atapasua wapi. Mtaalamu wa usingizi anafuatilia pumzi na mapigo ya moyo. Muuguzi ndiye anayejua kama vifaa vimetakaswa na vitambaa vingapi vimeingia tumboni mwa mgonjwa. Muuguzi akiona kasoro kisha akanyamaza kwa kumwogopa bosi, ujuzi wake haumfai mgonjwa kitu.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika hospitali nane, kuanzia Seattle na London hadi Ifakara, mkoani Morogoro. Timu zilipewa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti. Kabla ya kupasua, kila mmoja ataje jina lake na kazi yake. Kisha wathibitishe pamoja: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, dawa ya kuzuia maambukizi amepata? Kabla mgonjwa hajatolewa, muuguzi atamke kwamba hesabu ya sindano na vitambaa imetimia. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Wengi wakadhani dawa ni karatasi. Jimbo la Ontario, Kanada, likaisambaza hospitalini. Utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona nafuu ya maana, ingawa hospitali zenyewe ziliripoti kwamba inatumika karibu kila mara. Watafiti wamebishana sana kuhusu sababu. Kwa maoni yangu, kutia alama ya vema ni rahisi. Kumwambia mkubwa wako "subiri kidogo, daktari" ni kazi nyingine kabisa.

Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alilikuta jambo hilohilo wodini miaka ya 1990. Alitarajia timu zinazoelewana vizuri ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume: ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Alipochunguza akaona kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema, kwa hiyo yalijulikana na kujadiliwa. Kwingineko yalifichwa. Meneja anayejivunia idara isiyo na ripoti hata moja ya kosa anapaswa kuingiwa na wasiwasi.

Mwongozo wa ile karatasi ya upasuaji uliizingatia hofu hiyo ya kusema. Unataka isimamiwe na mtu mmoja, mara nyingi muuguzi, naye apewe mamlaka ya kuwazuia wote, mpasuaji akiwemo, wasiendelee mpaka kila swali lijibiwe.