Mkono wa pedali uliogoma, na chuma cha springi kilichouvua

Kijana anayeosha gari za mtaa wetu hapa Mabela hufika saa kumi na nusu alfajiri, ndoo mbili zikining'inia kwenye usukani wa baiskeli na vitambaa vimefungwa kwenye karia. Ni mtu wa Bangladesh. Kiarabu chake ni kile cha kuungaunga tunachozungumza nao sote, na mimi huniita "arbab" ingawa gari ninayo moja tu na imechoka. Miezi miwili iliyopita nikaanza kuisikia baiskeli kabla ya kumwona mwenyewe. Ka, ka, ka, kila pedali ikizunguka. Nikamwambia aniachie siku ya Ijumaa, nitamtengenezea bure. Kufika Ijumaa magharibi nilikuwa nimeshaiharibu.

Nayaeleza haya kwa kuwa najua wastaafu wenzangu wengi huku Ghuba wana sanduku la spana chini ya ngazi na wajukuu wenye baiskeli, na kwa kuwa ndugu zetu kule pwani bado wanaendesha zile baiskeli nyeusi za Kihindi. Ugonjwa wa mkono wa pedali unazipata zote, ila dawa si moja.

Mkono wa pedali ni kile chuma kinachotoka katikati ya fremu na kushika pedali. Katika baiskeli ya kijana huyu, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, ekseli ya katikati ni ya chuma na ncha zake ni za pembe nne, nyembamba nje na nene ndani. Mkono ni wa aluminiamu na una tundu la pembe nne la umbo hilohilo. Bolti moja inausukuma mkono juu ya ekseli mpaka ukabana. Ni kabari, basi. Mimi kabari nimesomeshwa na padri katika skuli ya misheni, mtoto wa Kiarabu peke yangu katika safu ya mbele, na kisha nimeisomesha mwenyewe kwa zaidi ya miaka thelathini. Mteremko mdogo, nguvu kubwa. Ndiyo sababu mkono ukishakaa miaka mitano, huku mwenye baiskeli akiukanyaga kila siku, hautoki kwa kuvutwa na mkono wa mtu.

Kuna kifaa chake, mafundi wanakiita pula. Kinajifunga kwenye nyuzi zilizokatwa ndani ya tundu la mkono, upana wake milimita 22, kisha bolti ya katikati inaisukuma ekseli nyuma na mkono unakuja mbele. Nilinunua kimoja Sib kwa riyali mbili na kitu. Mkono wa kulia ukatoka kama jino bovu. Nikafungua na bakuli la upande ule, ambalo hufunguliwa kinyume na kawaida, na gololi zikamwagika vipande vipande. Nikafurahi! Ugonjwa nimeuona. Mjukuu wangu wa miaka 13 alikuwa pembeni, nami nikawa namsomesha kama niko darasani.

Upande wa kushoto sikutazama vizuri. Chini ya bolti ile hukaa wosha, na upande wa kulia ilitoka pamoja na bolti. Kushoto ilibaki ndani, imegandishwa na grisi na vumbi, nyeusi ndani ya tundu jeusi. Tena sikusafisha nyuzi, kwa hiyo pula iliingia mizunguko mitatu tu, nami nikadhani imefika. Nikakaza. Ikagoma. Nikaongeza bomba kwenye spana. Kikasikika kishindo laini, pula ikanirukia kifuani, na nyuzi zote za aluminiamu zikatoka nayo zimejisokota kama nywele.

"Babu," mjukuu akauliza, "sasa tunaishika wapi?"

Hapo pa kushika palikuwa hapapo. Kuirudisha baiskeli ilivyokuwa haikuwezekana, gololi zimekwisha. Kuendelea kufungua haikuwezekana, kwa sababu bakuli la kushoto liko nyuma ya mkono, na ule mkono hautoki. Kijana alipokuja kuichukua baada ya isha nikamwambia nitamnunulia nyingine. Akatikisa kichwa. Baiskeli ile aliachiwa na kaka yake alipomaliza mkataba na kurudi Chittagong. Hakunung'unika. Alichukua ndoo zake mbili akaondoka kwa miguu, na kwake ni mbali.

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. "Mwalimu," akasema, "umemkata mtu miguu." Hakuongeza neno.

Kesho yake saa kumi usiku nikawasha gari, nikaenda kumchukua na ndoo zake. Nilifanya hivyo siku nne. Jirani mmoja alinikuta natoa ndoo kwenye buti, akaniuliza kama pensheni haitoshi.

Mchana nikipeleka baiskeli kwa wenye maduka. Wa kwanza akasema nikate mkono kwa grainda. Kukata kunawezekana, lakini ukishakata unahitaji mkono mwingine wenye urefu sawa na ule wa kulia, na hakuna aliyekubali kuniuzia mmoja. Wanauza seti nzima. Wa pili akasema ninunue baiskeli mpya, na pale dukani zilikuwa nyingi.

Wazo langu la kwanza la nyumbani lilikuwa nyundo, kwa sababu ndivyo nilivyokua nikiona. Mombasa, Kibokoni, palikuwa na fundi aliyekaa barazani na kila baiskeli ya mtaa ilipita mikononi mwake. Zile zilikuwa baiskeli za kotapini. Mkono ni wa chuma, tundu lake la mviringo, na unashikwa na pini yenye ubavu mmoja bapa iliyopita kwa upande na kufungwa nati. Pini ile ikiganda, fundi alifanya hivi: analegeza nati mpaka inalingana na ncha ya pini, haitoi kabisa, ili nyuzi zisipondeke. Chini ya mkono, upande ambao pini inatokea, anasimamisha kipande cha bomba nene juu ya sakafu ya mawe, bomba limebeba mkono na pini ina nafasi ya kushukia ndani. Kisha pigo moja zito, limenyooka. Moja! Alikuwa akitugombeza tukigongagonga, maana vipigo vidogo vinaifanya pini ivimbe kichwa kama uyoga, na ikishavimba ni kuitoboa kwa drili. Bomba ndilo siri. Bila bomba pigo linakwenda kwenye gololi na ekseli, pini inabaki inakuchekea. Mwenye jiliwa kubwa anaweza hata kuacha nyundo na kuisukuma pini kwa kuibana, upande mmoja kaweka boksi spana pini iingie humo.

Lakini mkono wa aluminiamu hauna pini, na kuupiga kwa nyuma unapinda. Nyundo nikaiweka.

Njia ya pili wengi wanaijua: unalegeza bolti mizunguko miwili, unaendesha baiskeli mahali tambarare, na kukanyaga kwenyewe kunaulegeza mkono. Hufanya kazi, ila inalipanua tundu, na mtu anaweza kuanguka ukichomoka ghafla. Kwetu hata haikuwa na maana, upande wa kulia hauna kitu. Tukatia mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha. Maskati ni kama Mombasa, hewa ina chumvi, na chumvi ikikaa kati ya aluminiamu na chuma vinashikana kama vimechomelewa. Asubuhi mkono uko vilevile.

Basi nikarudi kwenye kabari. Ikiwa huwezi kuushika mkono kwa ndani, ushike kwa nyuma. Kinachohitajika ni chuma bapa kinachoingia kati ya mkono na fremu, chenye mwanya wa kukumbatia ekseli. Chuma kingine mbele. Bolti mbili ndefu pembeni za kuviunganisha. Na bolti ya katikati inayosukuma. Pula ya gereji ya kutolea bering, ile yenye miguu miwili, hufanya kazi hiyohiyo, na kama unayo ya kucha nyembamba huna haja ya kusoma zaidi. Yangu mimi kucha zake zilikuwa nene, nafasi ile haikuzidi milimita tisa.

Chuma cha kwanza nilikata kwenye pembe ya rafu ya stoo. Milimita nne. Kilipinda kama mkate wa maji. Tena nilifanya kosa la aibu kwa mtu aliyesomesha fizikia: nati ya katikati niliiweka nje ya chuma cha mbele. Bolti inaposukuma ekseli, nati inasukumwa kuja kwako, kwa hiyo kama iko nje haishikwi na kitu, inaondoka tu. Ni mjukuu aliyeona. Akainama, akatazama, akasema kwa Kiswahili chake kile cha Kiarabu nusu, "Babu, hii inakimbia. Itie ndani." Ndani, yaani upande wa mkono, ndipo chuma kinaizuia. Mtoto huyu darasani wanasema hasikilizi.

Siku ya tatu nikaenda sanaiya. Mbele ya karakana moja palikuwa na lundo la springi za pikapu zilizovunjika, zile za majani majani. Jani moja unene wake kama milimita saba, na chuma chake hakipindi ovyo. Ugumu huohuo ndio unaokataa drili, kwa hiyo hatukutoboa. Fundi alikata kwa grainda: kipande cha urefu wa shubiri, mwanya katikati wa milimita 18, na mwanya mdogo kila ncha wa kupitishia bolti za pembeni. Chuma cha mbele kilikuwa cha kawaida cha milimita 12, hicho kikatobolewa na nati ikachomelewa kwa ndani. Alinidai nusu riyali nikampa moja.

Jioni tukafunga. Kwanza tukatoa ile wosha kwa ncha ya bisibisi, na nilimuonyesha mjukuu kwa tochi tundu lilivyo bila wosha, aone tofauti. Kisha jambo ambalo ukilisahau unaharibu ekseli: katikati ya ekseli pana tundu la bolti. Bolti yako ya kusukuma ikiingia humo inaponda nyuzi. Sisi tuliirudisha bolti ya mkono yenyewe bila wosha, tukaifunga kwa kina lakini tukaacha milimita tatu hivi kati ya kichwa chake na mkono, na zana ikasukuma kile kichwa. Milimita tatu zinatosha. Kabari ikishaachia kidogo imeachia yote. Na hiyo bolti, msichanganyikiwe, inafunguliwa kawaida pande zote mbili. Kinachofunguliwa kinyume ni pedali ya kushoto.

Bolti za pembeni tukazikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Ya katikati ikakaza mpaka spana ikalia. Mkono haukutikisika. Nikavaa miwani, nikamwambia mjukuu asimame ubavuni, asikae mbele. Mama watoto akaleta birika la maji yanayochemka, bila kuombwa, na tukamimina juu ya mkono polepole. Aluminiamu ikipata moto hutanuka takriban mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linafunguka kabla ekseli haijafuata. Hapo hapana kusubiri. Robo mzunguko. Kigongo kidogo cha nyundo kwenye kichwa cha bolti. Birika tena. Robo.

Ikalia "tak!" hata paka akakimbia. Nilidhani nimevunja kitu. Mjukuu akaushika mkono kwa kitambaa, akautikisa, ukacheza.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi: ekseli mpya, bakuli na gololi mpya, vyote riyali tatu unusu. Mkono uleule ukarudi, kwani tundu lake la pembe nne halikudhurika. Mafundi hubishana kama ncha za ekseli zitiwe grisi. Mimi nilipaka utando tu, kwa ajili ya chumvi. Nyuzi za pula ndizo zimekwenda, na siku ukitaka kutoka tena itabidi zana yetu. Kwa wenye baiskeli mpya za bei kubwa, ambazo ekseli ni nene na wazi katikati na mkono wa kushoto una bolti mbili ndogo za kubana, tafadhali msilete springi. Hizo unalegeza bolti mbili, unafungua kifuniko, unavuta kwa mkono.

Alfajiri ya Jumatano kijana alikuja kwa miguu mara ya mwisho. Akazunguka na baiskeli kibarazani, mara moja, mara mbili, ameinamisha sikio. Hakuna ka, ka. Akacheka, akasema "zen, arbab, zen", akafunga ndoo zake. Akaosha gari yangu ya kwanza na akakataa pesa. Nikamtilia mfukoni kwa nguvu.

Juzi alirudi na mwenzake anayesukuma baiskeli yake, mkono umeganda na nyuzi zimeliwa, kazi ya fundi mwingine safari hii. Lakini ni mkono wa kulia, wenye sahani ya meno ya mnyororo, na nafasi ya nyuma ni finyu kuliko ile ya kushoto. Mjukuu amepima kwa rula, anasema chuma chetu inabidi kisagwe kifike milimita tano. Nimemwambia mwenye baiskeli anipe mpaka Jumapili, na nimemuuliza ndoo zake ni ngapi.