Pikapu Iliyotumika: Mambo ya Kuangalia Kabla Usharika Haujalipa

Kila mwaka baada ya mavuno, ofisi yetu ya miradi hupokea barua za aina moja kutoka sharika mbalimbali. Usharika umepata fedha za mnada, au umeahidiwa msaada na usharika rafiki wa ng'ambo, na kamati ya maendeleo inaomba ushauri wa kununua pikapu. Ombi hilo ni la haki kabisa. Usharika wenye mitaa sita au saba milimani hauwezi kupeleka saruji, dawa za zahanati na mahindi kwa pikipiki. Gari jipya la dukani wengi wetu hatuliwezi. Hivyo katika toleo hili tunapenda kueleza habari za pikapu zenye umri wa miaka 15 na zaidi, maana ndizo ambazo fedha zetu zinaweza kuzifikia.

Kigezo chetu cha kwanza ni hiki: je, fundi wa mji wa karibu anaijua injini hiyo, na spea zake zipo madukani? Ndiyo sababu tunashauri Toyota Hilux za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye injini za dizeli za 3L (cc 2,779) au 5L (cc 2,986). Hazina kompyuta ya kusumbua, na fundi wa kawaida huzifungua na kuzifunga. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda 6, ni imara zaidi kwenye matope, lakini bei yake haishuki hata ikizeeka, na huenda takribani kilometa 8 kwa lita wakati Hilux huenda kama 10. Hilux za kuanzia mwaka 2005, ambazo wengi huziita Vigo, zina nguvu zaidi. Tatizo ni nozeli zake, ambazo hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa sana na hazivumilii uchafu. Ni kweli kwamba mwaka 2010 vinasaba vilianza kuwekwa kwenye mafuta nchini ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta ya taa. Hata hivyo dizeli inayouzwa kwa madumu vijijini huweza kuwa na maji na mchanga. Kwa usharika unaonunua mafuta ya madumu, sisi tunachagua injini ya zamani.

Mita ya kilometa isiwadanganye, kwa sababu hurudishwa nyuma. Tazameni raba za pedali, kiti cha dereva na usukani. Vikiwa vimechakaa huku mita inasoma 90,000, mmekwisha kupata jibu.

Kisha mtu alale chini ya gari. Rangi mpya hufunika mengi juu, ila chasisi haifichiki kirahisi. Baadhi ya magari yanayotoka Japani yametumika katika maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo hula chuma. Gongeni chasisi kwa nyundo ndogo, hasa juu ya ekseli ya nyuma na penye springi. Ikitoa sauti butu au ikimwaga maganda ya kutu, ondokeni. Injini mbovu hubadilishwa, lakini chasisi iliyooza au iliyoungwa kwa kuchomelea itakatika siku ya mzigo, pengine kwenye kona ya mteremko.

Injini iwashwe ikiwa ya baridi. Muuzaji akiwapokea na gari lililokwisha kupashwa moto, rudini kesho yake bila taarifa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mapovu kwenye rejeta, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, huashiria gasketi iliyoungua au silinda hedi yenye ufa. Ulizeni pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Injini zote tulizotaja zina mkanda huo, na kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika, injini huharibika ndani kwa dakika moja. Kama hakuna kumbukumbu ya maandishi, hesabuni kwamba haujabadilishwa.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambako sharika hupotezea fedha nyingi kuliko kwenye vyuma. Mradi unapofungwa, pikapu yenye namba za DFP huuzwa kwa bei ya kuvutia. Gari la namna hiyo mara nyingi liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha ule hauhamii kwa mnunuzi. Kodi isipolipwa TRA, usharika utakuwa na gari lisiloweza kubadilishwa jina. Tunaujua usharika ambao pikapu yake ilikaa uani zaidi ya mwaka mzima, matairi yakipasuka kwa jua, kwa sababu kodi iliyodaiwa ilikaribia bei waliyomlipa muuzaji. Waumini walichanga mara mbili kwa gari moja.

Kwa hiyo dai kadi halisi ya gari, wala msikubali kivuli chake. Linganisheni namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, pamoja na namba ya injini. Angalieni kama gari lina madeni ya faini za barabarani. Jina jipya kwenye kadi liwe la Bodi ya Wadhamini. Gari lililoandikwa kwa jina la mchungaji au mtunza hazina huleta maneno siku mtu huyo anapohamishwa au kufariki, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Kwa wafadhili wetu tunalo ombi moja. Msaada wa gari usiishie kwenye bei ya kununulia. Tunapendekeza sehemu 1 kati ya 5 ya fedha zote ibaki benki kwa ajili ya matairi, breki, mkanda, filta na bima. Pikapu inayotembea kilometa 1,500 kwa mwezi hunywa kama lita 150 za dizeli. Fedha hizo zitoke kwa idara zinazolitumia gari, kwa kila kilometa, na ziandikwe katika kitabu cha safari.

Mzigo wa Hilux ni tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji, wala si 35. Kwaya isipande nyuma. Tunajua neno hili halipendwi, lakini bima imekatwa kwa gari la mizigo, na likipinduka, kampuni inaweza kukataa kulipa majeruhi.

Kamati zilizokwisha kuona gari zinaombwa kuleta ofisini kwetu nakala ya kadi na namba ya chasisi kabla ya kutoa malipo ya awali. Fundi wa dayosisi atakwenda kulikagua. Usharika utagharimia nauli na chakula chake.