Mkulima wa kiooni na mfugaji wa Sericho

Katika shule zetu, neno "mchezo" limezoeleka kuwa kinyume cha neno "kazi". Mwanafunzi akionekana ameinamia simu, mwalimu hukemea kwanza na kuuliza baadaye, au asiulize kabisa. Ukali huo una sababu zake, kwa kuwa ipo michezo mingi ya kielektroniki inayopoteza wakati, na mingine humfunza mtoto kucheza kamari. Hata hivyo, ipo aina moja ambayo ingefaa ichunguzwe kabla ya kuhukumiwa. Ni ule mchezo unaomkabidhi mchezaji shamba, jembe na mbegu chache, kisha ukamwacha alime apendavyo.

Dai langu ni kwamba mchezo wa namna hiyo unastahili kuchezwa hata Sericho, mashariki mwa Kaunti ya Isiolo, ambako wenyeji wengi ni Waborana wafugaji. Lakini yafaa uchezwe kwa macho mawili: moja likitazama kioo cha simu, na la pili likitazama malisho yaliyo nje ya dirisha la darasa.

Asili ya michezo hii si ya jana. Mwaka 1996, nchini Japani, Yasuhiro Wada na wenzake walitoa mchezo uliokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Harvest Moon. Wada alikuwa amekulia mashambani kisha akahamia Tokyo, na huko mjini ndiko alikotambua thamani ya maisha aliyoyaacha. Mwaka 2009 ulitokea FarmVille, uliochezwa na mamilioni ya watu katika Facebook hadi ulipofungwa mwishoni mwa mwaka 2020. Baada ya hiyo miwili, ule unaosifiwa zaidi leo ni Stardew Valley, uliotolewa Februari 2016 na kijana Mmarekani, Eric Barone, aliyeutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Alichora picha, akatunga muziki na kuandika maneno yote mwenyewe. Zimekwisha kuuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Hununuliwa mara moja tu, na ukishaingizwa katika simu au kompyuta, mtu anaweza kuucheza bila intaneti.

Kisa chake ni chepesi. Mfanyakazi wa ofisini aliyechoshwa na kazi isiyo na maana anafungua barua aliyoachiwa na marehemu babu yake, na ndani yake anarithi shamba lililoota magugu. Anafika kijijini na kupewa mbegu 15 za mboga inayofanana na karoti nyeupe. Kuanzia hapo hakuna amri. Mchezaji ataamua mwenyewe kama atalima, atavua samaki, atachimba madini au atawatembelea majirani.

Anayeanza asiwe na pupa. Nguvu za mkulima huyo zina kikomo, na kila pigo la jembe na kila ndoo ya maji huzipunguza. Kwa hiyo asafishe kipande kidogo karibu na nyumba, apande mbegu anazoweza kumwagilia kila siku, na asitamani kufyeka shamba zima siku ya kwanza. Mboga hiyo hukomaa kwa siku nne. Fedha za mavuno ya kwanza zirudi ardhini kama mbegu. Atazame runinga kila asubuhi ajue kama kesho itanyesha, kwani siku ya mvua hana haja ya kumwagilia. Asimamishe sanamu ya kuamia ndege. Tena, kabla ya kununua mnyama hata mmoja, ajenge ghala la kuhifadhia nyasi, kwa sababu majira ya baridi huja na nyasi zote hutoweka. Kila msimu una siku 28. Mchezo hujihifadhi wenyewe kila mkulima anapolala, na hilo ni pumziko jema kwa mwanafunzi: akimaliza siku moja ya shambani, ambayo huchukua kama robo saa ya saa zetu, anaweza kuzima na kurudia vitabu vyake.

Utamu wake unatoka wapi? Kwa maoni yangu, unatoka katika uhusiano ulio wazi baina ya juhudi na malipo. Mtu anapanda, anamwagilia, anavuna. Hakuna adui anayemfukuza shambani, wala mwenziwe anayemcheka kwa kushindwa. Akili iliyochoshwa na mitihani hupata mahali pa kutulia bila kulala.

Wala jambo hili si geni kwetu. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa kugawa mbegu katika mashimo, na lina ndugu zake kote Afrika Mashariki: Waganda wana omweso, Wajaluo ajua, Wakikuyu giuthi. Na watoto wa wafugaji, kabla hajazaliwa aliyebuni kompyuta, walikuwa wakikusanya vijiwe, wakavizungushia boma la vijiti, na kuviita ngamia na ng'ombe wao. Kijiwe hiki ni fahali, kile ni mtamba, vile vidogo ni ndama. Huo nao ni mchezo wa kuiga maisha, ila haukuhitaji betri.

Sasa tulifumbue lile jicho la pili. Kila mchezo ni maelezo ya dunia kama anavyoiona aliyeubuni. Katika Stardew Valley, mmea usipomwagiliwa haufi. Husimama tu bila kukua, ukingoja maji. Mnyama asipolishwa hununa na kuacha kutoa mazao yake, lakini hafi njaa. Msomaji wa Sericho atatabasamu kwa uchungu hapo. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua iliharibika mfululizo kaskazini mwa Kenya, na katika kaunti kame za nchi hii mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Hakuna mnyama aliyenuna akingoja mwenyewe arejee na nyasi.

Kuna na dosari nyingine, ndogo kwa sura lakini kubwa kwa maana. Katika mchezo huo mna kuku, bata, sungura, ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Tangu mwaka 2020 mna hata mbuni. Ngamia hayumo. Malisho yana ua, na mnyama hulala palepale mwaka mzima. Mtu anayehama na mifugo kufuata mvua hana nafasi katika ramani ile.

Mimi ni mwanaisimu, kwa hiyo wasiwasi wangu mkubwa umo katika maneno. Mchezo huo umetafsiriwa kwa lugha kadhaa za Ulaya na Asia, lakini Kiswahili hakimo katika orodha yake rasmi, wala Kiborana. Mtoto anayeucheza kwa miezi michache atajua kwa Kiingereza jina la mboga ambayo hajaionja maishani, na ajue inakomaa kwa siku ngapi. Si kosa kuyajua hayo. Lakini muulize mtoto huyohuyo tofauti ya fahali na maksai, au ya mtamba na ng'ombe aliyekwisha kuzaa. Muulize mfarika ni mnyama gani. Muulize maana ya kuatika miche au kupiga matuta. Wengi watakodoa macho, na baadhi ya walimu pia.

Kwa Kiborana hali ni nyeti zaidi. Mwaka wa Waborana nao una majira manne, kama ule wa mchezo, ila si ya theluji: ganna ni mvua ndefu, adolessa ni kiangazi cha baridi kinachofuata, hagaya ni mvua fupi, na bona ni kiangazi kikali. Mifugo inayobaki nyumbani kwa ajili ya maziwa huitwa warra, na ile inayopelekwa mbali kutafuta malisho huitwa fora. Katika maneno haya mawili mna elimu nzima ya uchumi: usiweke mali yako yote mahali pamoja. Lakini neno huishi kwa kutumiwa. Familia iliyopoteza mifugo yake yote na kuhamia kando ya mji haina tena sababu ya kusema fora. Baba atalikumbuka, mtoto atalisikia katika simulizi, mjukuu hatalisikia. Ukame unaoua ng'ombe huua pia msamiati wa ng'ombe, na kifo hiki cha pili hakiandikwi katika takwimu yoyote.

Je, mchezo unaweza kusaidia? Unaweza, na ushahidi upo karibu nasi. Kabla bima ya mifugo inayotegemea picha za satelaiti haijaanza kuuzwa Marsabit Januari 2010, watafiti walikabiliwa na swali gumu: mfugaji ambaye hajawahi kununua bima ataelezwaje kwamba atalipwa kwa kutazamwa hali ya majani, na si kwa kuhesabiwa mizoga? Wakatumia mchezo. Wanauchumi John McPeak, Sommarat Chantarat na Andrew Mude walieleza katika makala yao ya mwaka 2010 jinsi walivyowachezesha wafugaji, msimu baada ya msimu, wakiona mifugo ya kubuni ikiongezeka na kupungua kwa bahati ya mvua, yenye bima na isiyo na bima. Watu wazima hawakuona haya kucheza, kwa kuwa mchezo ulizungumza habari zao wenyewe. Bima hiyo baadaye ilifika hata Isiolo.

Basi nawapa walimu pendekezo lisilohitaji umeme. Ligawe darasa katika makundi ya watu wanne. Kila kundi lipewe vijiwe 20 vya mifugo, na mwalimu awe na mfuko wenye maharagwe meupe na meusi. Kabla ya kila ganna na kila hagaya, kundi liamue vijiwe vingapi vibaki warra, vingapi viende fora, na vingapi viuzwe. Kisha litolewe haragwe mara mbili, moja kwa ajili ya nyumbani na moja kwa ajili ya fora. Likiwa jeupe, kila mifugo minne ya mahali hapo huzaa mmoja. Likiwa jeusi, robo hufa. Sharti ni moja: hakuna kijiwe kinachosogezwa kabla ya mchezaji kukitaja kwa jina lake kamili, umri na jinsia, kwa Kiswahili au kwa Kiborana. Asiyejua jina akaulize nyumbani, arudi nalo kesho. Baada ya miaka mitatu ya mchezo, kila mwanafunzi aandike insha kueleza kwa nini kundi lake lilitajirika au lilifilisika.

Somo hilo la saa moja litakuwa na hesabu, jiografia, kilimo na lugha. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019 unamtaka mwanafunzi atende, asikariri tu. Na vilabu vya 4-K, vilivyofufuliwa mwaka 2021, vina nafasi ya shughuli za namna hii. Na mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea kompyuta asingoje mgeni aje kumtengenezea mchezo wa kwao. Barone alikuwa mtu mmoja. Kijana wa Isiolo mwenye mzee wa kumsimulia na mwalimu wa kumsahihishia lugha ana mtaji ambao Barone hakuwa nao.

Najua wazazi watauliza kuhusu muda na fedha. Wana haki. Mchezo uwe na saa yake, mbuzi halisi wafungwe kwanza, na mtoto asiachiwe simu yenye namba ya siri ya kulipia. Lakini katazo tupu halitamzuia mtoto kucheza. Litamfanya acheze kwa siri, peke yake, kwa lugha ya wengine.

Mwacheni basi alime shamba la kiooni, apumzike na kufurahi. Ila akizima simu, pawe na mtu wa kumwuliza: "Na huko kwenu, mvua ikikosa, ng'ombe hupelekwa wapi?" Siku atakapoweza kujibu kwa maneno ya babu yake, mchezo utakuwa umefanya kazi ya shule.