Je, Wajua? Sabuni ya sakafu ilivyoumbua plastiki

Mwaka 1998, mjini Cleveland, Marekani, mtaalamu wa jenetiki Patricia Hunt alikuwa akichunguza mayai ya panya. Kwa kawaida, yai moja au mawili tu kati ya 100 huvurugika kromosomu. Ghafla yakawa 40. Panya wale wale, chakula kile kile! Msako mrefu ukamfikisha kwenye vizimba na chupa za maji za panya: vilikuwa vimeoshwa kwa sabuni kali ya kusugulia sakafu. Plastiki ikababuka, ikaanza kuvujisha kemikali iitwayo bisfenoli A. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003.

Na wala kemikali hiyo haikuwa ngeni. Mtafiti Edward Charles Dodds alikwishaonyesha London, mwaka 1936, kwamba kemikali hiyo hujifanya estrojeni, homoni ya kike. Viwanda vikaja kuitumia kutengeneza plastiki ngumu hata hivyo.

Dawa ya kuua wadudu ya DDT hung'ang'ania kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Bisfenoli A, kinyume chake, hutoka upesi kwa mkojo, ila mtu huimeza tena mlo unaofuata. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011.