Mbuzi wa Mtoto Awe wa Mtoto Kweli

Katika kabati la ofisi yetu lipo daftari la mtoto wa darasa la 6, binti wa mkulima mmoja wa skimu hapa pwani. Lililetwa na mwalimu wake. Kila Jumamosi binti huyo aliandika uzito wa mbuzi wake aliyekuwa akimtayarisha kwa maonyesho. Juma la kwanza, kilo 12. Juma la 4, kilo 13 na nusu. Juma la 11, kilo 16. Juma la 12 hakuna nambari, bali maneno mawili tu: "Baba amemuuza." Kurasa zilizobaki ni nyeupe.

Simlaumu yule mzee. Nyumbani kulikuwa na matanga, wageni walijaa uani, na mbuzi aliyenona alikuwa zizini. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Lakini mwalimu anasema tangu siku ile binti hakurudi tena kwenye kilabu. Mzee alipata fedha za mbuzi mmoja, akapoteza mfugaji mmoja. Kwa sababu hiyo leo nataka tuzungumze juu ya mbuzi wa nyama wa watoto: jinsi ya kumlea, na jinsi ya kuhakikisha kwamba ni wa mtoto kweli.

Kazi hii si ngeni. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vilifuata mfano wa vilabu vya 4-H vya Marekani, ambavyo asili yake ni kilabu cha watoto kilichoundwa na msimamizi wa shule A. B. Graham huko Ohio mwaka 1902. Hapa kwetu vilabu hivyo vilififia miaka mingi, hata Serikali ikavizindua upya mwaka 2021. Kwa watu wa pwani, maonyesho makubwa ni yale ya Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, katika uwanja wa Mkomani, Mombasa. Mwalimu wa kilabu atakueleza tarehe na masharti ya mwaka huu.

MAPATANO KWANZA

Kabla mtoto hajafunga kamba shingoni mwa mbuzi, kaeni pamoja, baba, mama na mtoto, mkaandike mambo matatu katika ukurasa wa kwanza wa daftari. La kwanza, mbuzi ni wa nani. La pili, gharama za chakula na dawa zitalipwa na nani. La tatu, fedha zitagawanywaje siku ya kuuza. Kisha kila mmoja atie sahihi.

Shida ikija, na shida huja, usimchukue mbuzi wa mtoto kimya kimya. Mwite, umweleze. Kama hapana njia nyingine, andika deni katika daftari hilo hilo, na umlipe mbuzi mwingine wa kadiri ileile. Mtoto anayelipwa deni na baba yake hujifunza jambo kubwa kuliko hesabu.

Tena, binti ana haki sawa na kijana wa kiume. Mbuzi hajui tofauti.

KUCHAGUA

Mbuzi wetu wadogo wa kienyeji wamezoea nchi hii, ingawa hukua polepole. Mbuzi wa Galla, ambaye asili yake ni nchi kavu za kaskazini, ana umbo kubwa zaidi na anastahimili ukame. Mbuzi wa Boer kutoka Afrika Kusini ana nyama nyingi sana, lakini anataka chakula kingi na uangalizi. Kwa mtoto anayeanza, kienyeji mzuri au chotara wa Galla anatosha.

Chagua mbuzi aliyekwisha kuachishwa ziwa, wa miezi 3 au 4. Mtazame akitembea, asichechemee. Mgongo uwe mpana na mnyofu, miguu ya nyuma isigongane, mapaja yajae, macho yang'ae. Fungua mdomo: mbuzi ana meno 8 ya mbele, nayo yako taya la chini tu. Akiwa na meno makubwa mawili katikati, amekwisha kupita mwaka mmoja, na huyo si mbuzi uliyeambiwa kuwa ni mchanga.

Dume wa kuuzwa kwa nyama yafaa ahasiwe mapema na Bwana Mifugo. Atakuwa mpole mikononi mwa mtoto, wala hatakuwa na harufu ya beberu. Ikiwezekana, mpe mtoto na jike pia. Mbuzi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake hulia na kukonda. Tena dume akiuzwa, jike hubaki, na kazi haifi.

BANDA

Ukianza mwezi wa Mei ili mbuzi awe tayari mwisho wa Agosti, utakuwa katikati ya masika. Tope ni adui wa mbuzi. Basi inua sakafu ya banda kadiri ya mita moja juu ya ardhi. Tumia fito za mvinje, na uache nafasi ndogo baina ya fito na fito, mavi yapite lakini mguu usipite. Ezeka kwa makuti. Upande unakotoka upepo wa kusi uzibe, kwa maana huleta mvua na baridi. Samadi iliyo chini ya banda ni mali ya shamba la mama.

CHAKULA

Mbuzi hupenda kula vichipukizi vya miti kuliko majani ya chini, na akila vya juu hupata minyoo michache. Lakini katika skimu shamba la jirani liko hatua chache tu, na mihogo ya jirani imeleta kesi nyingi. Mtoto amchunge mwenyewe, au amfunge kwa kamba mahali penye kivuli na maji, akimhamisha mara kwa mara.

Jioni aongezewe chakula bandani. Majani ya lusina ni mazuri, ila yasizidi theluthi moja ya malisho ya siku. Changanya pumba za mahindi na mashudu ya nazi, uanze na gramu 100 kwa siku, na uongeze kidogo kidogo hata gramu 200. Usimpe mahindi mengi kwa mara moja ukitaka anone upesi, kwani tumbo litachacha na anaweza kufa usiku uleule. Maganda na majani mabichi ya muhogo yana sumu. Yaanikwe juani mpaka yakauke vizuri. Chumvi ya mifugo na maji safi visikosekane.

AFYA

Kila juma mtoto avute ukope wa chini wa mbuzi na kuutazama ndani. Ukiwa mwekundu, vizuri. Ukiwa mweupe, damu imepungua, na mara nyingi wenye kuinyonya ni minyoo ya tumboni, ambayo huzidi sana wakati wa masika. Walio karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wajue kwamba mbung'o nao huleta ugonjwa wa kupunguza damu. Kwa hiyo usikisie dawa, muulize Bwana Mifugo. Kipimo cha dawa ya minyoo hufuata uzito wa mnyama, nacho cha mbuzi si lazima kiwe sawa na cha kondoo.

Uliza pia juu ya chanjo ya homa ya mapafu na ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Sotoka hiyo iligunduliwa Kenya mwaka 2006, nayo huua wengi. Dalili zake ni homa, makamasi, vidonda vya mdomo na kuhara. Ukiziona, mtenge mnyama na upeleke habari siku hiyo hiyo.

Kila dawa iandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Juu ya chupa kumeandikwa siku zinazopaswa kupita kabla nyama haijaliwa. Mtoto asiuze mbuzi kabla ya siku hizo kwisha, hata akipewa bei nzuri. Watakaokula nyama ile ni watu.

MIZANI NA DAFTARI

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mbuzi apimwe siku moja kila juma, asubuhi, kabla hajala. Mizani ya kuning'iniza na gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu vyatosha.

Tufanye hesabu. Mbuzi alianza na kilo 12, na baada ya majuma 16 ana kilo 18. Ameongeza kilo 6, yaani gramu 6,000, kwa siku 112. Gawanya: ni gramu 53 na kitu kwa siku. Sasa jumlisha bei ya mbuzi, pumba, chumvi na dawa, utoe katika bei ya kuuza. Jibu likiwa hasara, liandikwe vilevile. Hasara iliyoandikwa hufundisha.

SIKU YA MAONYESHO

Tangu mwezi mmoja kabla, mtoto amtembeze mbuzi kwa kamba kila jioni, amzoeze kusimama miguu minne sawasawa na kushikwa mgongoni, kwa kuwa mwamuzi hupapasa kiuno na mapaja kutafuta nyama. Kwato zikatwe vizuri majuma mawili kabla. Uwanjani mbuzi awe kati ya mtoto na mwamuzi, na mtoto ajibu mwenyewe anapoulizwa: umri, uzito, chakula, dawa. Baba, nyamaza. Usisahau pia kuchukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa daktari wa mifugo kabla ya safari.

Akishinda au asishinde, mbuzi wa nyama mwisho wake ni nyama. Mtoto aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, asije akadanganyika. Akilia siku ya kuuza, mwache alie, maana alimtunza vyema. Kisha mhesabie fedha zake mkononi mbele ya mama yake, kama mlivyoandika katika ukurasa wa kwanza.

Ndugu mkulima, mashamba haya ya Tezo, Roka, Mtondia, Ngerenya, Gede na Magarini yatabaki kwa watoto hawa. Wakijua tangu sasa kwamba jasho lao lina malipo, watayapenda. Lile daftari la kurasa nyeupe bado liko kabatini. Tungependa litakalofuata litufikie limejaa mpaka ukurasa wa mwisho.