Kahawa Baridi Si Anasa: Nusu Robo ya Meru Yatosha Jagi Zima

Ukimtajia mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu jina la Meru, la kwanza kumjia ni miraa. Ukimtajia Embu, siku hizi atakwambia muguka, na huenda akakunja uso. Ugomvi wa majani hayo haujasahaulika: Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Makala haya hayakusudii kuufufua ugomvi huo. Yakusudia kumkumbusha msomaji kwamba milima hiyo hiyo ina zao jingine, ambalo mtu hulinywa barazani mbele ya baba yake pasi na haya. Zao hilo ni kahawa.

Na tuseme tangu mwanzo kwamba habari yetu ya leo si kahawa ya moto ya mdila, inayonywewa kwa kashata baada ya maghribi. Hiyo haina haja ya mwalimu katika pwani hii. Habari yetu ni kahawa ya barafu, ile inayouzwa katika mikahawa ya kisasa kwa bilauri ndefu na bei ndefu zaidi. Wengi huipita wakidhani ni kinywaji cha wenye nacho. Sivyo. Kitu ghali katika bilauri ile ni kiti unachokalia na ubaridi wa chumba. Kahawa yenyewe, ukiitengeneza nyumbani kwa mikono yako, hugharimu kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

KAHAWA ILIYOPITA KWETU

Kahawa haikuanzia Meru. Karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wakeshe katika ibada. Nayo haikusalimika na mashitaka: mwaka 1511 mkuu wa Makka aliipiga marufuku, lakini marufuku hayo hayakudumu, na kahawa ikaendelea na safari yake hadi ikawa kinywaji cha heshima katika kila bandari ya Waislamu, na za kwetu zikiwamo.

Mti wenyewe ulifika Kenya kwa njia ya pwani. Mapadri wa Kifaransa waliupanda Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893. Kutoka huko ulikwenda bara, na huko walowezi wa Kizungu wakaushika kama mali yao. Mwafrika alikuwa akiruhusiwa kuchuma kahawa kwa kibarua, lakini kuipanda shambani mwake alikatazwa. Ilikuwa miaka ya 1930 ndipo serikali ya kikoloni ilipolegeza kidogo, ikaruhusu Waafrika wachache wajaribu, na sehemu za kwanza kupewa ruhusa hiyo zilikuwa Kisii, Embu na Meru. Kwa hiyo mkulima wa Meru na Embu hakuipata kahawa kwa bahati; aliingojea.

Ajabu ni kwamba nyumba nyingi za wakulima hao, hadi leo, huchemsha chai ya maziwa asubuhi na jioni. Kahawa huchumwa, ikapelekwa kiwandani, ikauzwa mnadani Nairobi na kupakiwa meli katika bandari ya Mombasa. Magunia hupita mbele ya macho yetu, na sisi tukiwa na kiu.

KWA NINI YAFAA KUNYWEWA BARIDI

Matuta ya Imenti, Chuka, Runyenjes na Manyatta yako juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na udongo wake ni mwekundu uliotokana na volkano. Kwa sababu ya ubaridi, tunda la kahawa huiva polepole, na punje hukaza. Miti mingi ni ya aina za SL28 na SL34, zilizoteuliwa na watafiti wa Kenya miaka ya 1930, pamoja na Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 na Batian iliyotolewa mwaka 2010. Sifa ya kahawa ya huku ni uchachu wake mzuri, unaofanana na wa ndimu au zabibu nyeusi.

Uchachu huo ndio siri ya kahawa ya barafu. Kinywaji kikipoa, harufu hupungua na utamu hufifia. Kahawa isiyo na uchachu, ikipoa, huwa kama maji ya jivu. Yenye uchachu hubaki hai mdomoni, kama sharubati.

Wala asidhani mtu kwamba nchi ile ni baridi tupu isiyojua kinywaji cha barafu. Teremka kutoka Embu mjini hadi Siakago na Kiritiri, katika Mbeere, au kutoka Chuka hadi Marimanti katika Tharaka, utakutana na jua usilolitofautisha na la kaskazi yetu.

HESABU YA KILO MOJA

Mkulima huchuma tunda moja moja, jekundu tu, akiyaacha mabichi. Siku hiyo hiyo huyapeleka kwenye kiwanda cha chama chake cha ushirika. Huko hutolewa ganda, yakavundikwa usiku, yakaoshwa kwa maji mengi na kuanikwa juu ya meza za waya. Kilo 6 au 7 za matunda hutoa kilo moja tu ya buni safi. Buni hiyo ikikaangwa hupungua tena, kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi.

Basi piga hesabu: nusu robo ya kahawa iliyokaangwa, yaani gramu 125, ni karibu kilo moja ya matunda mekundu. Na nusu robo hiyo, kama tutakavyoona, ni jagi moja la kahawa baridi, bilauri 7. Chukua bei uliyonunulia, uigawanye kwa 7, uongeze sukari na maziwa, kisha ulinganishe na bei ya bilauri moja mkahawani. Jibu utalipata mwenyewe.

USIDANGANYWE NA HERUFI

Dukani utaona pakiti zilizoandikwa AA, AB, PB au C. Wengi hudhani AA ni tamu kuliko zote, na hulipa zaidi. Ukweli ni kwamba herufi hizo ni za ukubwa na umbo la punje zilipopita kwenye chekeche. AA ni punje kubwa, AB ni za kati, C ni ndogo, na PB ni zile za mviringo zilizoota pekee ndani ya tunda. Punje ndogo ya shamba zuri hushinda kubwa ya shamba bovu. Kwa kahawa ya barafu, AB au C iliyokaangwa karibuni yatosha kabisa.

Iko pia ile ambayo watu wa kahawa huita mbuni. Kwetu neno hilo ni mti. Kwao ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake bila kuoshwa. Bei yake ni ndogo na ladha yake nzito. Pekee yake haipendezi sana ikiwa baridi, lakini pamoja na tangawizi na sukari hunyweka.

Nunua punje nzima, na ununue kwa mwenye leseni. Siku hizi baadhi ya vyama vya ushirika hukaanga na kufungasha kahawa yao wenyewe, na jamaa anayesafiri aweza kukuletea. Buni inayouzwa gizani kwa bei ya kutupa iogope: wizi katika viwanda vya kahawa ni msiba unaojulikana kule, na anayenunua mali hiyo humla jasho mkulima mara ya pili.

NJIA YA KWANZA: KULOWEKA

Njia hii haitaki moto wala mashine. Chukua nusu robo ya punje, uzitwange katika kinu kikavu kisichonuka vitunguu. Usizifanye unga, zikiwa kama chenga za mchele zatosha. Unga hupita katika kitambaa na kuacha tope chini ya bilauri.

Tia chenga hizo katika chombo cha kioo au cha udongo, umimine lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za Mombasa zinayajua, huiharibu kahawa. Tafuta maji matamu. Koroga, funika, uweke ndani ya friji kwa saa 16 hivi. Mtu wa Meru aweza kukiacha chombo dirishani usiku kucha, kwa kuwa baridi ya mlima humfanyia kazi. Wa pwani asiye na friji aloweke baada ya isha mahali palipo baridi zaidi nyumbani, achuje baada ya alfajiri, na anywe siku hiyo hiyo.

Chuja kwanza kwa chujio, kisha kwa melimeli safi. Usikamue kwa nguvu, maana ukakasi wote hukaa kwenye machicha. Utapata kama robo tatu za lita, kwa kuwa machicha hunywa maji. Hiyo ni kahawa kali. Ukinywa, changanya nusu kwa nusu na maji, maziwa au barafu. Ikikaa kavu, bila maziwa, hudumu ndani ya friji siku 4 au 5.

NJIA YA PILI: MOTO JUU YA BARAFU

Mgeni akibisha hodi ghafla, hakuna wakati wa kuloweka. Tia vijiko 5 vya chakula vya kahawa katika birika, umimine kikombe kimoja cha maji yaliyotoka kuchemka, ufunike kwa dakika 4. Jaza bilauri mbili kwa barafu, kisha uchuje kahawa moja kwa moja juu yake. Njia hii huhifadhi harufu kuliko ya kwanza, kwa sababu moto huitoa harufu na barafu huifunga papo hapo.

Barafu yenyewe iwe ya maji ya kunywa. Ile ya kuhifadhia samaki si ya kutia mdomoni hata ikiwa nyeupe vipi. Na kahawa iliyobaki jana usiimwage: igandishe katika vibweta vya barafu. Vipande hivyo vikiyeyuka ndani ya bilauri, badala ya kuizimua kahawa huikoleza.

SUKARI, MAZIWA NA VIUNGO

Sukari haiyeyuki vizuri katika kitu baridi. Hukaa chini, na mnywaji akaongeza nyingine, ikawa hasara mara mbili. Pika shira: sukari kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, ichemke kidogo, ipoe, uiweke kwenye chupa. Ndani ya shira hiyo ndimo pa kutia iliki iliyopondwa, au kipande cha mdalasini.

Mpenda tangawizi aichemshe kwanza pamoja na shira. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa huyakatisha. Maziwa nayo yawe mapya, yaliyochemshwa yakapoa, kwa maana kahawa hii ina uchachu, na maziwa yanayokaribia kuchacha hayatavumilia.

Tahadhari moja: kahawa ya kuloweka hupita kooni kwa ulaini, na mtu husahau kwamba ni kali. Mwenye kukosa usingizi asiinywe baada ya alasiri, na mja mzito apunguze. Katika Ramadhani bilauri ndogo baada ya tarawehe, na tende mbili, yatosha.

Tumezoea kusema kwamba mazao ya bara ni ya watu wa bara, na mazuri zaidi ni ya Ulaya. Lakini kila nusu robo inayonyweka Kisauni, Likoni au Langoni ni kilo moja ya matunda ambayo haikungoja bei ya mnunuzi wa ng'ambo. Mkulima wa Embu hupata mnywaji aliye safari ya siku moja tu kutoka kwake, na bibi mwenye nyumba wa pwani hupata jagi la kumpoza mgeni wake saa saba za mchana. Chombo kioshwe leo, kahawa ilowekwe baada ya isha.